Ufadhili wa Wasio na Kaka

Nyie mnaonisoma kila Jumapili mnajua mliniacha wapi: kwenye ngazi za idara yetu, faili kifuani, nalia bila hata kujali nani anapita. Profesa Nanda, msimamizi wangu, alikuwa ametoka kuniambia kwamba fedha za mradi zimekwisha, na posho yangu imekwisha pamoja nazo.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Sulochana Meher, binti wa mfumaji wa sari, kijiji cha karibu na Barpali. Nasomea uzamivu. Napima maji ya visima vya huku kwetu, yale yanayowaharibu watoto meno na kuwapinda miguu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nimalize.

Na tafadhali msiniandikie barua za ushauri. Niligonga kila mlango. Mtihani wa taifa wa posho ya watafiti niliukosa kwa alama chache mno, hata kuzitaja naona haya. Benki walitaka nyumba iwe dhamana, na nyumba yetu ni ya pamoja na familia ya marehemu Baba Mkubwa, haigawanyiki. Kazi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza alipewa mpwa wa mtu. Nikaenda kwenye mfuko wa chuo wa wenye shida, nikaambiwa shida yangu bado haijakomaa.

Ndipo Ritanjali, mwenzangu wa bweni, aliponikuta pale kwenye ngazi.

"Sulo, we una kaka?"

"Una wazimu? Unajua sina."

"Mdogo wako je? Dada?"

"Mama alizaa mimi, akafunga duka. Kwani nini?"

"Basi futa kamasi. Kuna ufadhili wa mabinti wa pekee. Wale ambao wazazi wao hawana mtoto mwingine. Wanalipa mpaka unamaliza! Mwisho wa kupeleka maombi ni Jumamosi."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Maisha yangu yote nimeona wanawake wa kijijini wakimtazama mama yangu kwa huruma, eti maskini Jamuna, hana mtoto wa kiume. Baba naye kila harusi lazima apatikane mlevi wa kumuuliza, "Dasarathi, siku ukifa moto wako atauwasha nani?" Maana kwetu ni mwana wa kiume ndiye huuwasha moto wa kumchoma mzazi wake. Leo kumbe kuna mtu anatoa pesa kwa ajili ya hilo hilo tulilokuwa tunasimangwa nalo.

Lililobaki lilikuwa dogo. Baba aende mbele ya hakimu, aape kwamba zaidi yangu hakuzaa mtoto mwingine aliye hai. Mashahidi wawili wanaoifahamu familia watie saini. Basi.

Nilifika nyumbani Alhamisi mchana. Baba alikuwa uani, amekaa mbele ya fremu ya nyuzi, na upande wa pili amekaa Pitabas. Nyuzi zetu hufungwa mafundo kwanza, ndipo zitiwe rangi, na kazi hiyo haiendi bila watu wawili wanaoelewana mikono. Baba na Pitabas walielewana bila kusemezana.

Pitabas ni mtoto wa Baba Mkubwa, ananizidi miaka miwili. Tumekulia ua mmoja, jiko lao kule, letu huku. Sikuwahi kumwita kwa jina, ni Kaka tu, na kila mwaka siku ya dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi nilimfunga yeye, kwa kuwa sikuwa na mwingine.

"Haya, ficheni ndoo!" akapiga kelele aliponiona. "Daktari wa visima amekuja."

"Na wewe ficha meno, yasije yakapimwa."

"Baba Mdogo, msikie binti yako. Chuo kizima na bado hana adabu."

Baba akatabasamu. Ndilo tabasamu lake la mwisho nitakalowaandikia leo.

Pitabas alipoondoka kupeleka sari kwa tajiri, nikainama nikamgusa Baba miguu kwa heshima, nikamweleza. Nilieleza kwa furaha, haraka haraka, kama mtu anayemwaga mchele. Alisikiliza hadi mwisho huku vidole vyake vikifunga mafundo.

"Siapi," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaeleza tena.

"Nimekuelewa, mama. Siapi."

"Baba, si uongo. Ni ukweli mtupu. Unasema tu ukweli mbele ya hakimu, unatia saini, unarudi."

"Tafuta njia nyingine."

"Hakuna njia nyingine! Nimezimaliza zote!"

"Basi rudi nyumbani. Wali upo."

Niliona giza. Baba yangu huyu ndiye aliyeuza kitanda chake cha pili cha kufumia ili mimi niende chuo. Alikuwa akiwatukana ndugu waliosema niozwe. Leo ameombwa maneno matatu, anayabana kama mtu aliyeombwa figo.

Sasa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Jioni tulikaa kula. Mama alikuwa ametenga wali wa maji, mboga ya majani na vitunguu vibichi. Baba alikuwa na tonge mkononi. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jiko la pili:

"Ningekuwa mwana wa kiume ungeapa mpaka hekaluni. Kwa binti, unaona bora nikaoze."

Mama akasema, "Sulo! Nyamaza!"

Baba alirudisha tonge kwenye sahani. Akanawa. Wafumaji wa kwetu hawaachi wali, hata wakigombana na Mungu. Baba yangu aliuacha, akatoka, na sikumwona hadi asubuhi.

Asubuhi ile nilimkuta Mama jikoni, midomo imemkauka, macho yamevimba. Nikajua amelia usiku kucha, na mimi bado nilikuwa na hasira zangu. Nikamchotea maji.

"Kunywa, Mama. Hakuna aliyekufa."

"Leo sinywi."

"Kwa nini?"

"Tumbo."

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nikasimama. Kwa mara ya kwanza nikakumbuka kwamba tumbo la mama yangu huuma kila mwaka, msimu huu huu, siku hii hii. Nje wanawake walikuwa wanapita kwenda mtoni kuoga, hawajala wala kunywa. Ilikuwa Jiuntia, siku ambayo akina mama wa watoto wa kiume hufunga kutwa kucha, hata tone la maji halipiti kooni, wakiwaombea wana wao maisha marefu.

"Mama, hii ni funga ya wenye wana."

Akayasukuma maji kando.

"Wewe unamfungia nani?"

Alitazama mlangoni kwanza. Halafu akatazama upande wa jiko la Mama Mkubwa Kuntala, mjane wa Baba Mkubwa, akashusha sauti mpaka ikabidi nimsogelee.

"Pitabas."

Nikasema Pitabas ana mama yake. Nikasema hivyo kwa ujinga kabisa, na mama yangu akaziba mdomo kwa ncha ya sari, mabega yanatikisika.

Alinisimulia akiwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Mama Mkubwa alizika watoto watatu, hakuna aliyefikisha siku arobaini. Mama yangu alikuwa bibi harusi wa miaka kumi na minane alipojifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye kelele. Siku ya sita bibi yetu aliingia chumbani. Hakufoka, wala hakutisha. Alisema tu, "Wewe kijana, utazaa wengine. Huyu mweke mapajani kwa mke wa shemeji yako, kabla hajajitia kisimani."

"Na Baba?"

"Mama yake alikuwa ameamua. Baba yako ndiye aliyembeba. Kutoka chumba kile mpaka chumba kile," akanyoosha kidole, na ua wetu ni mdogo, mtoto akilia upande mmoja husikika upande wa pili. "Hakuna karatasi iliyoandikwa. Alitolewa kwa mdomo tu. Nikaapishwa mbele ya mungu wetu wa kike, Samaleswari, kwamba sitamwita mwanangu hata siku moja. Nilimsikia akilia njaa, maziwa yananichuruzika, nimekaa hapa."

"Halafu nikazaliwa mimi."

"Halafu ukazaliwa wewe, nusura ufe nami. Daktari akasema basi, hakuna tena."

Sikujua nimshike wapi. Mama yangu aliambiwa atazaa wengine, na wengine hao walikuwa mimi peke yangu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Umemwambia," akasema.

"Nimechoka kuumwa tumbo," Mama akajibu.

Baba akanigeukia. Sura yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Nilimtoa kwa mikono yangu, Sulo. Usiniombe nimtoe tena kwa mdomo wangu, mbele ya serikali."

Nilimwangukia miguuni. Nikamwambia basi, yameisha, chuo kitanisubiri, nisamehe kwa yale ya jana. Na kweli nilimaanisha. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mzuri, na nyie msingekuwa na cha kusoma.

Tukasikia honi.

"Baba Mdogo! Daktari! Mko wapi?" Pitabas aliingia uani anazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. "Jana kelele zenu zimelala na mimi kitandani. Mambo ya kiapo, na yale ya mchana mama yangu aliyasikia yote uani. Haya, vaeni viatu, nawapeleka mjini mimi mwenyewe."

"Tumeshaacha hilo," nikasema.

"Mmeacha? Pesa ya bure mnaiacha?" Akacheka, akamgeukia Baba. "Baba Mdogo, kinachokusumbua ni nini? Foleni? Hakimu hang'ati. Na wanataka mashahidi wanaoifahamu familia, si ndio? Nani anaifahamu familia hii kuliko mimi? Wa pili Hrushi muuza rangi, duka lake liko jirani na mahakama. Sema, tatizo liko wapi?"

Tungemjibu nini? Baba akikataa, lazima aseme kwa nini. Akikubali, anakwenda kumkana mtoto wake, na mtoto mwenyewe ndiye dereva na ndiye shahidi.

Baba alinitazama. Nataka mnielewe hapa. Alinitazama mimi, si Mama wala Pitabas. Alikuwa ananiomba niseme neno lolote, niseme naumwa, niseme Jumamosi imepita, niseme nimepata kazi benki.

Mimi nikawaza visima vyangu. Nikawaza chumba changu bwenini na jina langu likiwa na udaktari mbele yake. Nikawaza pia, na hili ndilo naliungama, kwamba Pitabas hajui kitu, na asiyejua haumii.

Nikanyamaza.

Baba akaingia ndani kuvaa shati safi.

Tulipanda watatu kwenye pikipiki moja, Pitabas mbele, Baba katikati, mimi nyuma. Njia nzima Baba alikuwa amemshika Pitabas kiunoni kwa mikono miwili, tena kwa nguvu kuliko barabara ilivyodai. Pitabas akamtania, "Baba Mdogo, unanikaba, mimi si uzi wa kwenye fremu!" Baba hakulegeza.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua na haraka zake. Karani wake alisoma hati, akaiweka mezani. Mwenye mafua akainua macho.

"Dasarathi Meher?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hati naiona. Lakini nataka nikusikie mwenyewe. Watu wanatuletea uongo hapa kila siku. Una watoto wangapi?"

Feni ilikuwa inazunguka juu. Hrushi muuza rangi akakohoa. Pitabas alikuwa amesimama karibu yangu, mikono nyuma, na nikagundua hatanii tena. Alikuwa anamtazama Baba tu.

"Mzee, nimekuuliza. Wangapi?"

"Mheshimiwa..." Baba akasema, sauti ikakatika.

"Ni swali rahisi jamani. Au umewasahau?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Baba akanitazama tena, mara ya pili siku ile, na mimi mara ya pili nikatazama sakafu.

"Mmoja," akasema.

"Huyu binti?"

"Huyu binti."

"Hakuna mwingine uliyemzaa, aliye hai?"

"Hakuna."

Akatia saini. Hrushi akatia yake. Karani akamgeukia Pitabas. "Wewe ni nani kwake?"

"Mtoto wa marehemu kaka yake," Pitabas akajibu, akainama, akaandika jina lake taratibu, kwa mwandiko mzuri ambao Baba ndiye aliyemfundisha. Muhuri ukapigwa. Karatasi nikapewa mimi.

Nje jua lilikuwa kali. Baba akavuka barabara kwenda kutununulia chai, nadhani ili apate mahali pa kujificha uso. Tukabaki wawili kando ya pikipiki. Nikataka kusema asante, nikaona Pitabas anaikodolea macho karatasi mkononi mwangu.

"Amesema," akaniambia.

"Amesema nini, Kaka?"

"Usinifanye mjinga, Sulo. Baba aliniambia kabla hajafa. Yule aliyenilea. Aliniambia, moto wangu uuwashe wewe, lakini ujue kuna moto mwingine unakungoja huko upande wa pili wa ua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tangu siku hiyo nangoja. Nakaa naye kwenye fremu mchana kutwa, nyuso zetu ziko karibu hivi, nasema leo ataniambia. Leo. Leo. Hata kwa bahati mbaya."

"Kwa nini hukumwuliza?"

"Nimuulize? Tangu lini mtoto akajitambulisha kwa mzazi wake?"

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulituleta hapa?"

"Nilitaka nimsikie. Usiku kucha nimejiambia, mbele ya hakimu hataweza. Atashindwa tu. Na akishindwa, nitamwita Baba pale pale, mbele ya watu, na nyumba ya Mama Mkubwa wako nitaendelea kuitunza vilevile, mama ni mama. Ufadhili wako ningeutafuta kwingine, hata kwa kuiuza hii." Akapiga tangi la pikipiki. "Nilikuwa na uhakika, Sulo. Nilivaa shati jipya."

Kweli lilikuwa jipya. Mistari ya kukunjwa ilikuwa bado haijanyooka.

"Na wewe? Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo najiuliza kwa nini ukweli ulinijia mdomoni saa ile tu, wakati haukuwa na faida kwa mtu yeyote.

"Leo asubuhi."

"Kabla sijafika?"

"Kabla hujafika."

"Na ukapanda pikipiki."

Akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayekubali bei aliyoambiwa dukani. Akawasha, akaingia barabarani, na hakugeuza kuelekea kijijini. Alishika njia ya stesheni ya treni, kule wanakopanda vijana wetu waendao kufuma viwandani Surat, ambao wengine hatujawaona tena.

Baba alikuwa anavuka barabara na vikombe vitatu vya chai. Aliiona pikipiki ikipita. Aliuona na uso wa aliyeiendesha. Vikombe vikaanguka.

"Pitabas!"

Akaanza kukimbia. Baba yangu, mwenye magoti yaliyokaa mbele ya nyuzi miaka yote hii, alikimbia katikati ya malori na baiskeli, ndara moja imebaki nyuma.

"Pitabas! Mwanangu! Rudi! Rudi, mwanangu, nimekosea! Wewe ni mwanangu!"

Neno ambalo lilikosekana nyumbani kwetu kwa miaka yote lilisikika kwenye mtaa mzima wa mahakama. Muuza chai alilisikia. Hrushi akatoka dukani, mikono ya bluu, akalisikia. Pikipiki ilikuwa imeshakata kona.

Na kwenye mlango wa mahakama, karani aliyepiga muhuri alikuwa ametoka kutafuna tambuu. Akasimama. Akamtazama mzee anayelia barabarani, kisha akaitazama hati mkononi mwangu, wino wake bado mbichi.

Akaja mpaka niliposimama. Hakuwa mkali. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama anayeomba kurudishiwa kitu chake.

"Binti," akasema, "kabla sijamwita hakimu. Huyo aliyeondoka ni nani kwenu?"